Shangazi, mwenzangu katoa jiwe, mimi nina nini?

Mimi ni mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanaiti, hapa Mirerani, nina miaka 34, mke na watoto wawili nimewaacha Kondoa. Nina miaka tisa mgodini. Nilikuja na mwenzangu niliyekua naye. Mwaka jana mgodi anaoshuka yeye, jirani kabisa na wetu, ulitoa mawe. Kapata mgao wake, kajenga nyumba ya bati la msauzi, kanunua bodaboda mbili, na sasa kwenye vikao vya ukoo yeye ndiye anayeulizwa neno. Mimi nikienda nyumbani naona haya. Baba mkwe aliniambia mbele ya mke wangu kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu, yaani mimi sijagaagaa vya kutosha. Kuna mtaalamu ameniambia nyota yangu imefungwa, anataka mbuzi mweusi na laki nne aisafishe. Wenzangu wananiambia niongeze bidii, nishuke na usiku pia, ingawa kikohozi kinanisumbua tangu masika. Naomba ukweli, Shangazi. Shida yangu ni uvivu au ni nuksi?

Mwanaapolo, Mirerani

Sikiliza, mwanangu. Umenipa majibu mawili nichague moja, na yote mawili nayakataa. Wewe si mvivu, na nuksi huna.

Mtu anayeshuka kwa ngazi na kamba mpaka chini kusikofika jua, tochi kichwani, akachoronga mwamba, akasubiri baruti ilie, akarudi kwenye moshi ule ule kujaza kifusi kwenye viroba, kisha akatoka juu mweusi tii kwa grafiti mpaka ndani ya masikio, huyo haitwi mvivu. Na kazi yote hiyo unaifanya kwa ugali na maharage, bila mshahara, ukingoja siku mgodi utakapozalisha. Baba mkwe wako namheshimu, lakini katika hili amekuonea. Ile methali aliyokutajia inamwahidi mwenye kuhangaika kitoweo cha kulia wali. Haijamwahidi jahazi.

Sasa nuksi. Tanzanaiti inachimbwa mahali pamoja tu duniani, hapo hapo ulipo, kwenye kipande cha Simanjiro chenye urefu wa kilomita saba hivi na upana wa kilomita mbili. Mawe yale yalijiunda zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Wewe unayeufuata mkanda wenye mawe kila siku unajua kuliko mimi jinsi unavyopinda, unavyonenepa hapa na kukatika pale, na jinsi mawe yanavyokaa kwa mafungu kwenye vijifuko vidogo ndani ya mwamba, hapa yamejaa, hatua kumi mbele hakuna kitu. Hakuna mtu aliye juu ya ardhi anayeweza kukwambia kifuko kiko wapi. Mwenzako alikuwa kwenye shimo lililokifikia. Wewe ulikuwa kwenye shimo la jirani. Habari yote ndiyo hiyo. Mbuzi mweusi hawezi kuhamisha kitu kilichotulia mahali pake tangu kabla mbuzi hajakuwapo duniani, na laki nne hiyo ni ada ya watoto wako. Usimpe.

Utaniuliza, mbona bilionea Laizer? Najua jina lake halikosi kutajwa kila mnapokaa kula. Juni 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, moja la zaidi ya kilo tisa, jingine la zaidi ya kilo tano, akapata shilingi bilioni 7.7 na ushee. Agosti mwaka ule ule akaja na la tatu, la kilo 6.3. Taifa zima likasema ona bidii. Alikuwa na bidii, sikatai, na alikuwa mchimbaji wa siku nyingi. Lakini mwanangu, angalia na kile kilichokuwa nyuma ya ile bidii. Laizer alikuwa mchimbaji mwenye leseni, na mwenyewe alieleza kwamba ana ng'ombe wapatao 2,000. Mgodi wake ukikaa kimya mwaka mzima, anayo mifugo ya kumshikilia. Mgodi wenu ukikaa kimya, watoto wako Kondoa wanalala na njaa. Na siku jiwe lilipotoka, lilikuwa lake kisheria. Angeshuka yeye mwenyewe au asingeshuka, angelipwa kama mwenye mgodi. Wewe ungelitoa jiwe lile lile kwa mikono yako, ungepata mgao wa mwanaapolo.

Kuna mwingine ambaye hatajwi sana wakati wa kula. Mzee Jumanne Ngoma ndiye serikali inayemtambua kuwa aligundua tanzanaiti, mwaka 1967. Huyo alikuwa na macho ya kuona, miguu ya kutembea porini, na bahati ya kuinama mahali penyewe. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jiwe hilo jina na kulitangaza duniani, na watu wakatajirika nalo kutoka Arusha hadi Jaipur. Mzee Ngoma hakutajirika. Aprili 2018, Rais Magufuli alipozindua ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka machimbo yenu, alimwita mbele ya watu na kumpa shilingi milioni 100. Ilikuwa imepita miaka 51, na afya ilikuwa imeshamtupa mkono. Januari 2019 akafariki. Nani atasimama aseme mzee yule alikuwa mvivu, au kwamba nyota yake ilifungwa? Alilipata jiwe. Soko, sheria na karatasi ndivyo vilivyokuwa mikononi mwa wengine.

Kwa hiyo ukiniuliza kipi kinamtoa mtu, bahati au juhudi, nitakujibu hivi. Kwenye kazi kama yako, juhudi inakununulia nafasi ya kubahatisha. Haikununulii jiwe. Asiyeshuka hapati, na anayeshuka pia anaweza asipate mpaka anazeeka. Na hata bahati ikija, anayeifaidi zaidi ni yule ambaye jina lake liko kwenye leseni. Mimi ni muumini, naamini riziki anaigawa Mungu. Ndiyo maana inaniuma tunapochukua mgawo wake na kuufanya fimbo ya kumchapia maskini: kapata, basi ana akili, hakupata, basi mzembe au kalogwa.

Rafiki yako usimchukie. Hajakuibia. Ila na yeye asikudanganye, na wewe usijidanganye, kwamba alichimba kuliko wewe. Kama urafiki wenu bado upo, mwendee, kaeni mzungumze. Mtu mwenye bodaboda mbili anahitaji mtu wa kumwamini, na miaka tisa ya kukaa kambi moja inamjulisha mtu kwa mwenzake.

Sasa kazi. Sikwambii uondoke Mirerani leo, kwa sababu najua mwanaapolo anayeondoka anaogopa kwamba mgodi utatema wiki inayofuata. Hofu hiyo inawafunga wengi kuliko mganga yeyote. Ila kaa na mke wako, muulizane kwa mwaka nyumba inaingiza nini na inakula nini, kisha mpange tarehe. Mgodi usipozalisha hadi siku hiyo, unatoka, bila aibu na bila kuomba ruhusa ya baba mkwe. Tarehe hiyo mwachie mke aitunze yeye, maana wewe ukiwa kule chini utaisogeza mbele kila ukiona mkanda umenenepa kidogo.

Kabla ya tarehe hiyo, mwombe mwenye mgodi makubaliano ya mgao kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Najua wengine watakucheka. Wenye migodi hawapendi karatasi, na mwanaapolo anayedai karatasi anaambiwa nafasi yake ina watu kumi wanaoingoja. Basi nendeni wote wa zamu yenu pamoja, msiende mmoja mmoja, na mkikataliwa fikeni ofisi ya madini hapo hapo Mirerani.

Tena una ufundi ambao huuhesabu. Miaka tisa ya kuchoronga mwamba si kitu kidogo. Wachimba visima, wenye machimbo ya kokoto na wakandarasi wa barabara wanawatafuta watu wanaoujua mwamba, na hao wanalipa kwa siku au kwa mwezi. Ukifanya kazi kwa bidii huko, mwisho wa mwezi bidii yako ina jibu. Hilo ndilo ningependa ulipime: jasho unalo, swali ni ulimwage wapi ambapo lina malipo ya uhakika.

Nimebakiza jambo ambalo wewe umelitaja kwa maneno machache tu, na mimi ndilo lililoninyima raha nilipoisoma barua yako. Umesema unakohoa tangu masika. Vumbi la mwamba mnaouchoronga lina silika. Likiingia kifuani linakaa, linayaharibu mapafu taratibu, na uharibifu huo hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Mapafu yaliyojaa vumbi hilo ni rahisi kushikwa na kifua kikuu. Wanaokwambia ushuke na usiku hawajui wanachokuambia. Wala suala hili halina bahati ndani yake: kifua kikuu kikigunduliwa kinatibika, na katika vituo vya serikali kipimo na dawa zake ni bure. Kisipogunduliwa utakipeleka Kondoa kwa wanao.

Hospitali ya Kibong'oto, pale Siha, inajua vifua vya wachimbaji na si mbali na ulipo. Lakini usisubiri nauli ya Kibong'oto. Kesho asubuhi usishuke. Nenda kituo cha afya hapo mjini, waambie una miaka tisa mgodini na unakohoa tangu masika, wakupime makohozi. Majibu yakitoka niandikie tena, na mke wako mwambie siku hiyo hiyo, hata kama ni mabaya.