Mwongozo wa Anayeanza: Upange Hivi

Mojaloop, programu huria ya kuunganisha mifumo ya malipo, ilitolewa 2017. Jina lake limetokana na neno letu "moja". Programu huria yeyote anaweza kuichangia, hata kwa kuandika maelekezo tu. Unataka kujaribu? Mfikirie muuza kahawa wa Mji wa Kale, Mombasa, anayelipia sukari kwa simu mara ya kwanza.

1. Anza na shida yake: "Kutuma pesa". Historia ya programu ingoje.
2. Kila hatua, tendo moja.
3. Onyo litangulie: "Soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN." Pesa ikishaenda kwingine, kuirudisha ni shughuli.
4. Mpe mgeni aufuate, wewe nyamaza. Akikwama, rekebisha mwongozo.