Dhima ya Mkubwa katika Ulevi wa Mdogo

 

Katika darasa letu aliinuka mzee mmoja, dereva wa malori yatokayo bandarini Mombasa kwenda Uganda, akauliza suali ambalo tumeona lijibiwe kwa maandishi, kwani haliwahusu madereva peke yao.

SUALI: "Utingo wangu ni kijana wa miaka 16, nimekabidhiwa na mamake. Tulipofika Malaba tulikaa foleni siku tatu. Kila jioni nilimpa pesa za chakula, wala sikumuuliza amekula nini. Usiku wa tatu niliamshwa nikaambiwa yuko mtaroni, amelewa hajijui. Nilimrudisha kwao, na mamake sijamwambia hata leo. Je, dhambi hii ni yake au ni yangu?"

JAWABU: Nyote wawili mna fungu, na fungu lako si dogo.

Hukumu ya ulevi yajulikana. Mwenyezi Mungu aliukataza kwa daraja: katika Suratul Baqara (aya 219) alibainisha kuwa madhara yake yashinda manufaa yake, katika Suratun Nisaa (aya 43) akawazuia watu wasiikaribie Sala hali wamelewa, kisha katika Suratul Maida (aya 90) akauharimisha kabisa. Lisilosomeshwa sana ni kuwa Mtume (s.a.w.) hakuishia kwa mnywaji. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas, waliolaaniwa kwa ajili ya pombe ni watu kumi, na mnywaji ni mmoja tu kati yao. Waliobaki ni wenye kuitengeneza, kuichukua, kuiuza, kuinunua, kuinywesha na kula thamani yake.

Sasa zingatia. Mtoto asiyebaleghe kalamu imeondolewa kwake, haandikiwi dhambi. Lakini kalamu hiyo haikuondolewa kwa mkubwa aliyempa, aliyemuuzia au aliyemtuma. Na kijana aliyebaleghe, kama huyu utingo, yeye huandikiwa. Ila mlezi wake naye ataulizwa juu ya alichokabidhiwa kukichunga.

Basi tutazame huko mpakani watoto hupatia wapi pombe. Busia na Malaba ni miji ya njia kuu itokayo kwetu pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Malori hungoja huko, na mwaka wa 2020, wakati wa vipimo vya Korona, foleni zilikuwa za kilomita nyingi. Palipo na watu wanaongoja wana pesa mkononi, wauzaji hawakosekani. Tena ng'ambo ya pili ni nchi nyingine: Kenya ilikataza pombe ya pakiti ndogo kwa sheria ya mwaka 2010, lakini Uganda haikuzikataza mpaka 2019, na Tanzania ilizikataza 2017. Kwa miaka yote hiyo ya katikati, katazo la upande mmoja lilikuwa na mlango upande wa pili. Na pakiti ile bei yake ni ya mtoto, na kipimo chake ni cha mfuko wa sare ya skuli.

Njia ya pili ni nyumbani. Busaa na chang'aa hupikwa na mama anayetafuta karo ya skuli, na mwanawe ndiye hutumwa kupeleka dumu kwa wateja. Huyo mtoto ameingia katika wale kumi kwa mguu wa kutumwa, kabla hajaonja tone.

Wala tusiwacheke ndugu zetu wa bara. Mangwe za mnazi ziko kwetu pia, na vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanateketea kwa unga. Nyani haoni kundule.

Yatupasa nini?

Kwanza, tuijue sheria na kuitumia. Sheria ya 2010 yakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na yataka baa iwe mbali na skuli kwa mita 300 au zaidi. Yampa mkaazi haki ya kupeleka pingamizi kabla leseni haijatolewa. Kazi ya leseni sasa iko mikononi mwa kaunti. Anayenung'unika barazani wala haandiki barua ya pingamizi hajakataza munkari.

Pili, tushirikiane na majirani. Mpakani Waislamu ni wachache. Serikali yamruhusu mtu mzima kunywa, nasi dini yetu haituruhusu. Lakini juu ya mtoto hatuna ugomvi na chifu, wala mwalimu, wala padri, wala mzee wa Kiteso akaaye na wenzake kuzunguka mtungi wa ajono. Mtungi ule ni wa watu wazima, nao hawapendi kumwona mwanafunzi ameshika mrija. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kusaidiana katika wema.

Tatu, asitumwe mtoto pombe wala chupa tupu ya pombe, awe wa Kiislamu au asiwe.

Nne, tuache kujidanganya. Wako wazazi ambao kijana akilewa humpeleka akaandikiwe kombe, na huku duka lililomuuzia laendelea kumuuzia, na mwenye nyumba ya duka hilo yuko safu ya kwanza msikitini akila kodi yake. Dua ni silaha ya Muumini, lakini haizibi mlango tulioukusudia kuuacha wazi.

Ama wewe dereva, toba yako ina sharti. Ulipewa amana na mama, nawe umemficha habari ya mwanawe. Nenda ukamwambie, ijapokuwa ni uchungu, kisha umwombe radhi. Na ukimchukua tena, kula naye sahani moja, ulale naye mahali pamoja, wala usimwachie jioni yake mikononi mwa mtaa. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na wa majirani zetu, na atujaalie tuwe wenye kutimiza amana. Amin.