Pima barakoa ya usingizi ukiwa umelala

Msomaji, ikiwa daktari amegundua kwamba pumzi zako hukatika usingizini, nawe huendesha lori kupitia Salgaa, mashine ya kusukuma hewa haitakufaa iwapo barakoa utaivua usiku wa manane. Je, hulala kinywa wazi? Au vumbi la Nakuru hukuziba pua? Basi huenda ukahitaji ile inayofunika pua na mdomo. Wengine hutoshwa na ndogo ya puani. Usiipime umeketi. Lala chali, kisha ubavu, mashine ikivuma. Hewa ikivujia machoni, usikimbilie kukaza mikanda: ngozi itachubuka na uvujaji huenda ukazidi. Omba saizi nyingine. Ndevu nazo hupitisha hewa. Mpaka upate inayokukaa sawasawa, na usingizi wa mchana ukome, usukani mwachie mwenzako.