Kopo la Sarafu Feki: Uweke Nini, Upeleke Nini Polisi

Mdogo wangu mmoja wa Leicester, anayekaa kaunta kwenye duka la vyakula, ameniandikia kwamba kila akihesabu mauzo ya jioni hukutana na sarafu mbili tatu zinazomtia shaka. Nyingine ni za pauni mbili. Nyingine ni zile pauni za zamani za mviringo ambazo wateja wazee bado wanazitoa kwenye pochi. Bosi wake humwambia, "Mpe mtu mwingine kwenye chenji." Yeye hataki. Amezipenda, anazitenga kwenye kopo, na ananiuliza mambo mawili: nitajuaje kwa uhakika kwamba ni feki, na je, nikizikusanya nitashikwa?

Mdogo wangu, nianze na hilo la bosi, maana ndilo linaloweza kukuharibia maisha. Uingereza kuna Sheria ya Kughushi na Fedha Bandia ya mwaka 1981. Ukijua, au hata ukiamini tu, kwamba sarafu ni ya bandia, kisha ukamlipa nayo mtu kana kwamba ni halali, adhabu yake inafika kifungo cha miaka 10. Kwamba na wewe ulipewa na mteja bila kujua hakukusaidii kitu, kwa sababu kosa linaanza pale ulipojua ukaipitisha. Mwambie bosi kwa adabu kwamba hutafanya hivyo. Akikulazimisha, kumbuka kwamba mkono unaotoa chenji ni wako, wala si wake. Na kama uko huko kwa viza, najua unaelewa kesi ya jinai ina maana gani.

Kuwa nayo tu mfukoni kuna kifungu chake pia. Sheria inakataza mtu kukaa na sarafu anayojua ni ya bandia bila ruhusa au sababu halali, na hapo adhabu inafika miaka 2. Je, mapenzi ya kukusanya ni sababu halali? Nisingependa jibu lipatikane kupitia kesi yako. Kwa hiyo pauni mbili, pauni mpya ya pembe 12 na senti 50, yaani zote zinazotumika leo, zichunguze, andika ulichokiona, kisha zipeleke kituo cha polisi. Hutalipwa thamani yake, na inauma ukifikiria kwamba duka limeshapoteza bidhaa. Lipoteze hilo, lakini wewe usipotee.

Za mviringo ni habari nyingine, na ndizo darasa zuri kuliko zote. Pauni ya mviringo ilianza Aprili 1983 kuchukua nafasi ya noti ya pauni moja, ikaacha kuwa fedha halali tarehe 15 Oktoba 2017. Kabla haijaondolewa, Royal Mint, kiwanda cha serikali kinachogonga sarafu, ilikadiria kwamba katika kila pauni 30 hivi, moja ilikuwa feki. Hebu fikiria: kila mtu aliyeishi Uingereza miaka hiyo amewahi kushika moja, akanunulia maziwa, asijue. Sheria ile ya 1981 inalinda sarafu zinazotumika kwa kawaida kama fedha, na hiyo ni sababu mojawapo ya wakusanyaji kupenda feki za mviringo kuliko za leo. Hata hivyo benki bado hupokea pauni halisi za mviringo kutoka kwa wateja wao, kwa hiyo usithubutu kupenyeza ya bandia huko. Na kama unakusudia kununua mfuko mzima, zungumza kwanza na mwanasheria.

Sasa tuzikague. Chukua pauni ya mviringo, usitazame picha kwanza. Tazama ukingo, kwa sababu hapo ndipo waghushi wengi walishindwa. Sarafu nyingi halisi zina maandishi yaliyozama vizuri, herufi zinalingana kwa urefu na zina nafasi sawa. Kwenye feki utakuta herufi hafifu, nyembamba, zimeinama, au zimezama upande mmoja na kupotea upande mwingine. Kisha soma maneno yenyewe. Nyingi za Uskoti zina kaulimbiu yao ya Kilatini, nyingi za Wales zina maneno ya Kiwelisi kutoka wimbo wao wa taifa, na nyingi za England na Ireland ya Kaskazini zina Kilatini kingine. Ukiona joka la Wales limezungukwa na maneno ya Uskoti, umeshampata mtuhumiwa. Mara nyingi waghushi walikuwa na chombo kimoja cha kupigia ukingo wakakitumia kwa kila picha.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Ukilaza sarafu Malkia akiwa juu, maandishi ya ukingoni yanaweza kusomeka sawasawa au yakawa kichwa chini. Hiyo haimaanishi feki, wala haimaanishi adimu. Kiwandani ukingo ulipigwa kwanza, kisha vipande vikaenda kugongwa picha bila mtu kujali upande gani uko juu. Watu wameuziana sarafu kama hizo kwa bei ya ajabu, na mimi inanikera kuona mtu anayehangaika na kodi ya nyumba akilaghaiwa hivyo.

Baada ya ukingo, shika sarafu kwa vidole viwili, juu na chini, Malkia amesimama wima. Izungushe. Picha ya nyuma nayo iwe wima. Ikiwa imelala upande kwa kiasi kinachoonekana mara moja, mashaka yako yana msingi. Halafu linganisha mwaka na picha. Joka la Wales lilitoka mwaka 1995 na 2000, na mwaka 2004 ulikuwa na daraja la reli la Forth la Uskoti. Joka lenye mwaka 2004 halijawahi kutolewa kwa matumizi ya kawaida.

Rangi hudanganya, kwa sababu sarafu halisi ikichakaa hufifia. Usimhukumu mtu kwa rangi peke yake. Lakini feki mbaya kabisa ni za risasi zilizopakwa rangi ya dhahabu, na kijivu hujitokeza kwenye pua na shavu la Malkia, pale vidole vinapopita sana. Nunua mizani ndogo ya sonara. Pauni ya mviringo inatakiwa iwe na gramu 9.5 na upana wa milimita 22.5, ya pauni mbili gramu 12, senti 50 gramu 8, na pauni ya pembe 12 gramu 8.75. Hiyo ya pembe 12, iliyoanza Machi 2017, iinamishe kwenye mwanga: chini ya picha ya mtawala kuna alama inayobadilika kutoka alama ya pauni kuwa namba 1. Katika zile za pauni mbili, kagua duara la katikati. Kwenye halisi ni madini mengine kabisa yaliyoshikizwa ndani ya pete, ilhali baadhi ya feki ni kipande kimoja kilichopakwa rangi mbili.

Senti 50 ina balaa yake. Ile ya mwaka 2009 yenye mnara wa bustani za Kew iligongwa 210,000 tu, na ni mojawapo ya zinazotafutwa sana kati ya zilizoingia madukani. Kwa sababu hiyo aliyeighushi hakulenga kaunta yako. Anamlenga mkusanyaji kama wewe, anayenunua mtandaoni usiku akiamini amepata bahati. Mwambie muuzaji akupigie picha ikiwa juu ya mizani. Akikataa, funga simu ulale.

Kama moyo wako kweli uko kwenye feki, nakushauri urudi nyuma miaka 200 na zaidi. Kati ya 1775 na 1797 serikali ya Uingereza karibu iliacha kabisa kugonga sarafu ndogo za shaba, huku viwanda vikizidi kufunguliwa na wafanyakazi wakihitaji kulipwa. Pengo likazibwa na waghushi wa Birmingham na kwingineko. Mwaka 1787 kiwanda cha serikali kilipopima shaba iliyokuwa mikononi mwa watu, sehemu ndogo sana ndiyo ilifikia ubora uliotakiwa. Baadhi ya waghushi walikuwa wajanja zaidi: badala ya jina la mfalme kwa Kilatini waliandika GEORGE RULES, ili wakifikishwa mahakamani waseme hawakuiga sarafu ya mfalme. Maskini walizipokea wakijua, kwa kuwa mkate ulinunulika nazo. Ukishika moja unashika mshahara wa mtu aliyechoka, na kwangu hiyo ina uzito kuliko sarafu nyingi za dhahabu. Wauzaji wa sarafu za kale huziuza waziwazi, zikiwa na maelezo yake, na nyingi si ghali.

Na ujue waghushi wa zamani walilipa nini. Isaac Newton, yuleyule wa mvutano wa dunia, aliingia Royal Mint mwaka 1696 na akawasaka waghushi mwenyewe. William Chaloner, aliyekuwa mjanja wao mkubwa, alinyongwa kwenye uwanja wa kunyongea wa Tyburn mwaka 1699. Kughushi sarafu za dhahabu na fedha kulihesabiwa uhaini, na wanawake waliotiwa hatiani walihukumiwa kuchomwa moto hadi adhabu hiyo ilipofutwa mwaka 1790.

Nimalizie na wale wenye asili ya Zanzibar na Oman, kwa sababu hili linawahusu moja kwa moja. Chini ya sheria ileile ya 1981 serikali ilitaja kwa majina sarafu chache zaidi za kulindwa, na mojawapo ni ile ya fedha ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, riale iliyotembea Pwani yetu na Ghuba enzi za biashara ya karafuu. Imeendelea kugongwa kwa mwaka huohuo 1780, hata London kwenyewe tangu 1936 hadi 1961, kwa hiyo mwaka ulioandikwa hauthibitishi umri. Ukirithi moja kutoka kwa bibi, usiing'arishe wala usiitoboe. Ipime: halisi ina karibu gramu 28.07, na fedha yake ni kama sehemu 833 kwa 1,000. Ikipungua sana uzito, mpelekee mtaalamu wa sarafu kabla hujamtajia mtu yeyote bei.