Dondoo muhimu: Jaketi la jeshi la Marekani ulilorithi

Ukirithi jaketi la mabakamabaka la ndugu aliyetumikia jeshi la Marekani, anza na lebo ya ndani, si rangi. Mabaka ya sare za mwaka 1981 ni yaleyale ya vita vya Vietnam yaliyokuzwa, na wauzaji huyaiga yote. Kwenye lebo, namba ya mkataba wa ununuzi ndiyo yenye maana zaidi. Katika "DSA 100-68-C", ile 68 ni mwaka wa fedha wa mkataba. DSA, taasisi ya ugavi wa jeshi iliyotoa mikataba hiyo, ilibadilishwa jina kuwa DLA mwaka 1977, kwa hiyo jaketi lenye DLA halikuvaliwa katika vita vya Vietnam, hata familia isimulie vipi.

Wapo watakaosema lebo hufutika kwa kufuliwa. Ni kweli, lakini mara nyingi wino uliopauka husomeka ukimulika kitambaa kwa pembeni. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwaka wa mkataba si mwaka wa utumishi: nguo zilikaa ghalani, nyingine zikagawiwa upya. Ndiyo maana utepe wa jina kifuani na beji ya begani vinapaswa kulinganishwa na fomu DD 214, hati ya kuondoka jeshini. Visipolingana, amini hati. Na tafadhali, usilifue kwanza wala usibandue beji: hata vitundu vya uzi wa zamani ni ushahidi.