Shanga Nane: Kufundisha Muundo wa Protini

Mwanafunzi aliyekariri kwamba protini hujenga mwili bado hajafundishwa protini ni nini. Kosa hili tumeliona mara nyingi katika mazoezi ya kufundisha, na tukiri kwamba limetoka kwetu wakufunzi.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Miili yetu huunda protini zake kwa aina 20 za asidi hizo, na mpangilio wake ndio uamuao mnyororo ujikunje vipi na ufanye kazi gani. Mwalimu na atafute uzi na shanga za rangi saba. Himoglobini, ibebayo oksijeni katika damu, ina minyororo minne. Kila mmoja wa ile miwili iitwayo beta una asidi amino 146. Tutunge nane za mwanzo tu: valini, histidini, leusini, threonini, prolini, glutamiki, glutamiki tena, kisha lisini. Sasa mwanafunzi atoe ushanga wa sita, atie mwingine wa rangi ya ule wa kwanza, yaani valini. Ametunga himoglobini ya selimundu, kama alivyoieleza Vernon Ingram mwaka 1957.

Darasa litauliza: ushanga mmoja tu una madhara gani? Glutamiki hupatana na maji, valini huyakimbia. Oksijeni ikitoka, himoglobini hizo hunatana zikawa nyuzi ngumu, seli nyekundu ikapinda mfano wa mundu. Mishipa midogo huziba, na mgonjwa hupata maumivu makali.

Mwalimu asimtolee mfano mtoto mwenye ugonjwa huo. Mwanachuo wetu mmoja alifanya hivyo kwa nia njema. Mtoto yule aliinamisha kichwa mpaka kengele ikalia.