Mahali, Mlezi na Kazi ya Mikono: Programu za Vijana Zitakazodumu Kamina

Ibara ya 42 ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inazitaka mamlaka za umma kuwalinda vijana dhidi ya kila jambo linalodhuru afya yao, elimu yao na ukuaji wao kamili. Ni sharti zito, na mzigo wake wa kila siku hauko Kinshasa. Uko kwa muuguzi wa kituo cha afya, shefu wa mtaa, katekista, mwalimu, na mama anayekusanya michango ya likelemba, yaani akiba ya kupeana kwa zamu. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yao, katika komini zote tatu za mji wetu: Dimayi, Sobongo na Kamina. Hoja yake ni moja. Programu ya vijana huzaa matunda inaposhikwa na watu wanaobaki, mahali panapojulikana, kwa saa zinazojulikana, na inapofungamanisha afya na kipato. Semina na kampeni zina kazi yake, lakini zikiachwa peke yake hazimfikishi kijana mbali.

Ushahidi mzito wa jambo hili uko upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mkoani Mwanza, Tanzania, ulianzishwa mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana, na ukafanyiwa utafiti katika jamii 20. Uliandaliwa kwa uangalifu mkubwa: masomo ya afya ya uzazi katika madarasa ya juu ya shule za msingi, waelimishaji rika, wahudumu wa afya waliofunzwa kuwapokea vijana vizuri. Baada ya miaka mitatu vijana walijua mengi zaidi kuliko wenzao wa jamii ambazo hazikupata mpango, na hata walipopimwa tena mwaka 2007 na 2008 sehemu ya maarifa hayo ilikuwa bado imo vichwani mwao. Lakini damu yao ilieleza habari nyingine: maambukizi ya virusi vya UKIMWI hayakupungua. Watafiti wenyewe walikiri kwamba darasani kijana alifundishwa jambo moja, na nje ya darasa akakuta wazazi, wanaume wenye fedha, umaskini na desturi ambazo hazikuguswa. Msichana aliyejua kila kitu kuhusu kondomu bado alihitaji fedha ya sabuni na daftari, na aliyekuwa nayo alikuwa mwanamume mzima. Hatutaji habari hii ili kuudharau mpango wa Mwanza. Ni wachache wanaothubutu kupima kazi yao kwa ukali namna hiyo na kutangaza matokeo yasiyofurahisha, na sisi tunaopanga leo tunawiwa nao shukrani.

Uganda ilionyesha upande wa pili wa jambo hilo hilo. Kuanzia mwaka 2008 shirika la BRAC lilifungua vilabu vya wasichana vijijini na mijini, kila kimoja kikiwa na chumba chake, kikifunguliwa alasiri siku nyingi za wiki, na kikiongozwa na mwanamke kijana wa eneo hilo hilo. Humo wasichana walicheza, walizungumza juu ya miili yao, mimba na ndoa, na zaidi ya hayo walifundishwa kazi za kuwapatia fedha: ushonaji, ususi, ufugaji, hesabu za biashara ndogo. Baada ya miaka michache, mimba za utotoni katika jamii zilizopata vilabu zilikuwa zimepungua kwa takriban theluthi moja, na wasichana wenye kipato chao wenyewe walikuwa wameongezeka sana. Mpango huo huo ulipohamishiwa Tanzania haukuleta matokeo ya maana, na uchunguzi ulionyesha sababu: fedha zilikuwa haba, vifaa vilikosekana, vilabu vingine havikuwa hata na mahali pa kukutania. Kwa hiyo mtaala mzuri bila chumba, bila cherehani na bila mlezi aliyepo kila wiki ni karatasi tu.

Hapa kwetu haja haihitaji kupigiwa debe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013-2014 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Mama wa umri huo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi ya baada ya kujifungua kuliko mwanamke wa miaka ishirini na kitu, na kwa kawaida ndiye anayeacha shule. Malaria nayo haiwaachi. Tafiti katika nchi nyingi za Afrika zimeonyesha kwamba watoto wa umri wa shule na vijana ndio wanaolala bila chandarua zaidi kuliko wengine wote nyumbani; chandarua humwendea mtoto mchanga na mama mjamzito, na kijana wa miaka 14 hulala chini ya dirisha. Huyo huyo ndiye anayesinzia darasani kwa kukosa damu, na mwalimu humwita mvivu.

Sasa tutazame mlango wa kituo cha afya kwa macho ya msichana wa miaka 16. Asubuhi, saa za matibabu, yuko shuleni. Akija, anakuta benchi mlangoni, na kwenye benchi wamekaa jirani zake wawili na shangazi yake. Anatakiwa kununua fishi ya matibabu kwanza, na fedha hiyo lazima aiombe kwa baba, ambaye atauliza ni ya ugonjwa gani. Akifika mezani anaulizwa jina na shida yake kwa sauti inayofika nje. Hata kama muuguzi ni mwema na dawa zipo, msichana huyu atarudi nyumbani, au ataishia kwa muuza dawa wa barabarani. Kuliondoa tatizo hilo hakuhitaji jengo jipya. Kunahitaji alasiri mbili kwa wiki zilizotengwa kwa vijana, pazia, meza iliyosogezwa mbali na mlango, fishi ya bei nafuu au ya bure kwa wenye umri huo, na muuguzi aliyeapa kutunza siri na anayeonywa akiitoa. Haya yanaweza kuamuliwa na kamati ya maendeleo ya eneo la afya, CODESA, katika kikao kimoja, bila kungoja mradi wowote.

Wazazi wengi, na baadhi ya wachungaji, wanasema kwamba kuzungumza na vijana juu ya mimba na magonjwa ya zinaa ni kuwafungulia mlango wa uasherati. Hofu hiyo inatoka kwenye upendo na inastahili jibu la heshima. Swali hili limechunguzwa mara nyingi, katika nchi nyingi, na UNESCO ilipokusanya matokeo hayo mwaka 2018 jibu lilikuwa wazi: mafundisho haya hayawafanyi vijana kuanza ngono mapema wala kuifanya zaidi, na mara nyingi huwachelewesha. Mwanza nako vijana hawakuharibika kwa kufundishwa. Mwenye shaka arudi kwenye ile takwimu ya 27 kati ya 100. Mimba hizo nyingi zilipatikana nyumba zikiwa kimya. Sheria nayo iko upande wa mzazi anayetaka kumlinda binti yake: tangu marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016, umri wa kuoa na kuolewa ni miaka 18 kwa wote, na mahari iliyopokelewa mapema haiwezi kuihalalisha ndoa ya mtoto.

Wengine husema kampeni kubwa zinatosha, maana huwafikia maelfu kwa siku moja. Mkoa wetu una somo lake mwenyewe kuhusu hilo. Mwaka 2017 ulizuka hapa Haut-Lomami ugonjwa wa polio unaotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika. Virusi vya namna hiyo hupata nafasi pale ambapo watoto wengi hawajapata chanjo za kawaida, hata kama kampeni zimepita mara kadhaa. Kampeni zilihitajika kuzima moto, lakini kilichokosekana kilikuwa ile kazi ya kila wiki: friji inayofanya kazi, siku ya chanjo isiyobadilika, RECO, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea mtaani, anayejua nyumba ipi ina mtoto mchanga. Ndiyo maana Mpango wa Mashako, ulioanzishwa na Wizara ya Afya mwaka 2018, ulitilia mkazo vipindi vya chanjo vinavyofanyika kweli na usimamizi wa karibu. Afya ya kijana inahitaji utaratibu huo huo, tena kwa haja kubwa zaidi, kwa sababu mtoto mchanga hubebwa na mama yake hadi kituoni, ilhali kijana hujipeleka mwenyewe, au haendi.

Kuhusu kipato, mfano mwingine uko kwenye reli yetu wenyewe, huko Kaniama. Tangu mwaka 2020 serikali imekuwa ikiwaleta Kaniama-Kasese vijana wa magenge ya Kinshasa, wale waitwao kuluna, kufundishwa kilimo, useremala na uashi chini ya Service National, idara ya serikali ya huduma ya kitaifa. Kuna wanaousifu mpango huo na kuna wanaouliza kwa haki kuhusu vijana kupelekwa mbali hivyo bila hukumu ya mahakama. Sisi tunaona jambo moja ambalo pande zote mbili zinaweza kulikubali: kama ufundi ule ule ungewafikia wakiwa na miaka 14, mtaani kwao, ungegharimu kidogo kuliko kuwasafirisha kupita nusu ya nchi baada ya kushika panga. Kamina ni njia panda ya reli ya SNCC, kwenda Lubumbashi, Ilebo na Kalemie. Wapo mafundi wastaafu wa reli wanaojua chuma, wapo mafundi wa baiskeli na pikipiki, wapo washonaji. Kijana anayekaa na fundi wake alasiri nne kwa wiki, akiweka akiba yake kwenye likelemba ya wenzake, ana sababu ya kukataa pombe ya asubuhi ambayo hotuba haiwezi kumpa. Wavulana hasa wasisahaulike hapa. Vilabu vya Uganda vilikuwa vya wasichana, na kwa sababu njema, lakini mimba ya msichana ina mvulana au mwanamume upande wa pili, naye anahitaji mlezi wa kumwuliza maswali.

Je, wazee watakubali? Historia ya mji huu inatupa matumaini. Mwaka 2004 askofu Nkulu Ntanda Ntambo wa Kanisa la Methodisti aliitisha hapa Kamina mkutano wa amani uliowaweka pamoja viongozi wa wapiganaji wa Mai-Mai, serikali na machifu, wakati ambapo wengi waliona jambo hilo haliwezekani. Mji ulioweza kukaa na watu wa silaha unaweza kukaa na watoto wake. Parokia na makanisa yana vyumba vinavyobaki vitupu siku za kazi, na neno la chifu kuhusu ndoa za mapema husikika mahali ambapo bango la shirika halisomwi.

Linabaki pingamizi la fedha, na hatutalikwepa. Si kweli kwamba kazi hii ni ya bure. Mlezi anayefika kila wiki anahitaji posho, cherehani inahitaji uzi na sindano, na kilichotokea Tanzania kinatuonya tusiite programu kitu kisicho na chakula chake. Ushauri wetu kwa anayepanga ni kuanza na kidogo kilichokamilika: klabu moja Dimayi yenye chumba, fundi na muuguzi kwa miaka mitatu ni bora kuliko vilabu kumi vya miezi sita. Mfadhili akija na fulana na semina, kamati imwombe kwa adabu abadilishe bajeti iwe ya vifaa na posho. Daftari la mapato na matumizi lisomwe mbele ya watu kila mwezi, na kwenye meza ya CODESA wakae kijana mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wenye haki ya kuuliza kila franka imekwenda wapi na kupewa jibu siku hiyo hiyo.